Daftari la Ahadi na Hesabu ya Neema

Fundisho la Kikristo kuhusu namna mwanadamu mwenye dhambi anavyopata kibali mbele za Mungu limeingia katika Kiswahili kwa msamiati unaonuka wino wa daftari, na jambo hilo halikutokea kwa bahati. Mtume Paulo, alipowaandikia Wakristo wa Rumi, alitumia vitenzi viwili vya Kigiriki vyenye asili tofauti: kimoja kilikuwa cha mahakamani, nacho kilieleza tendo la hakimu kumtangaza mshtakiwa kuwa hana hatia, na kingine kilizoeleka miongoni mwa wafanyabiashara, nacho kilieleza tendo la kuandika kiasi fulani upande wa mtu katika hesabu zake. Wafasiri wa Biblia ya Muungano, iliyotolewa mwaka 1952, walivikutanisha vitenzi hivyo katika msemo wa kuhesabiwa haki, ambao umekuwa jina la fundisho lenyewe katika madarasa ya kipaimara, katika vyuo vya theolojia na katika mahubiri ya Kiprotestanti. Anayehesabiwa haki hajawa mwadilifu kwa jasho lake. Ameandikiwa haki iliyo ya mwingine, yaani ya Kristo, kama ambavyo mwenye duka anaweza kupiga mstari juu ya deni la jirani kwa sababu ndugu wa jirani huyo alipita asubuhi akalilipa, akaondoka bila kuaga.

Neno neema, lenye asili ya Kiarabu, lilikuwa na maisha yake kabla kanisa halijalichukua. Mwaka wa neema ni mwaka wa mvua na ghala lililojaa, na mtu aliyeneemeka ni mtu aliyepata mali. Wanatheolojia walilipa kazi nyingine, ya kutaja wema ambao Mungu humtendea mtu asiyeustahili, nao Wakatoliki wakaliongezea jirani yake, mastahili, yaani thamani iliyomo katika tendo jema inayolifanya lipate thawabu, ambayo kwanza na juu ya yote ni thamani ya matendo ya Kristo mwenyewe. Maana ya zamani, hata hivyo, haikuhama nyumbani. Mhubiri wa siku hizi anapowaambia waumini wapande mbegu, akimaanisha watoe fedha ili wavune fedha zaidi, neema imerudi kuwa mvua na sadaka imekuwa jembe, na msikilizaji hana budi kujiuliza kama bado anasikia habari za kitu kinachotolewa bure.

Sarufi nayo ina ushahidi wake. Kiswahili kina kuokolewa, kilicho katika kauli ya kutendwa, ambacho hudokeza kwamba yupo aliyeokoa, hata asipotajwa. Kina pia kuokoka, kilicho katika kauli ya kutendeka, ambacho kinataja hali bila kumtaja mtenda. Mtu anaweza kuokoka katika ajali kwa sababu alivutwa na watu, au kwa sababu aliruka dirishani mwenyewe, na kitenzi hakisemi ni lipi kati ya hayo. Waumini wa uamsho wa Afrika Mashariki walichagua kuokoka. Wao wenyewe waliitwa walokole, kutokana na neno la Kiganda balokole, yaani waliookoka, na swali wanaloulizana hadi leo ni kama fulani ameokoka, wala si ameokolewa na nani. Si kosa la kitheolojia, kwa maana kila mlokole anajua jibu, lakini lugha iliyoacha nafasi ya mtenda ikiwa tupu inamwachia mtu mwanya wa kuketi humo yeye mwenyewe.

Mwanya huo ni wa zamani kuliko Kiswahili cha makanisa. Mwanzoni mwa karne ya 5 Pelagio, mtawa aliyetoka Uingereza, alifundisha kwamba mwanadamu anaweza, kwa uhuru aliopewa na Muumba, kuzishika amri na kuepuka dhambi, na aliyempinga kwa nguvu kuliko wote alikuwa Mwafrika, Augustino, askofu wa Hippo katika nchi inayoitwa leo Algeria. Mtaguso uliokutana Karthago mwaka 418, nao pia katika ardhi ya Afrika, uliyakataa mafundisho ya Pelagio. Wale wanaoudhani mjadala wa neema kuwa ugomvi wa Wajerumani ulioletwa na meli za wamisionari wangefaa kulikumbuka hilo.

Sehemu ngumu zaidi iko ndani ya Agano Jipya lenyewe. Paulo anaeleza katika Warumi, sura ya 3, kwamba mtu huhesabiwa haki kwa imani bila matendo ya sheria. Yakobo, katika sura ya 2 ya waraka wake, anasema kwamba mtu huhesabiwa haki kwa matendo wala si kwa imani peke yake. Ni jambo la kushangaza kidogo kwamba maneno imani na peke yake yanakutana mahali hapo tu katika Agano Jipya lote, na yanakutana ili yakataliwe. Martin Luther, alipotafsiri Agano Jipya kwa Kijerumani mwaka 1522, aliliongeza neno peke yake katika Warumi 3:28, kisha mwaka 1530 akaandika waraka wa kujitetea kwamba Kijerumani chenyewe kilidai hivyo. Katika dibaji ya mwaka huohuo wa 1522 aliulinganisha waraka wa Yakobo na majani makavu, kauli ambayo haikuendelea kuchapwa katika Biblia zake za baadaye.

Anayesoma nyaraka hizo mbili bila haraka ataona kwamba kila mmoja wa mitume hao amemwita Abrahamu awe shahidi wake, lakini hawakumwita kwa tukio moja. Paulo anamtaja Abrahamu wa Mwanzo 15, aliyeamini ahadi kabla hajatahiriwa na kabla Isaka hajazaliwa, naye anafanya hivyo ili kuwafungulia mlango watu wa mataifa ambao walikuwa wakidaiwa tohara na sheria za vyakula kana kwamba ni kiingilio. Yakobo anamtaja Abrahamu wa Mwanzo 22, aliyemlaza mwanawe juu ya madhabahu, na wasikilizaji anaowakemea ni watu waliokwisha kuingia, ambao wanampa mwenye pete ya dhahabu kiti kizuri na kumwambia mwenye njaa aende akashibe. Aidha, neno imani halina uzito mmoja kwao. Wanatheolojia wa kale walitofautisha hatua tatu: kujua jambo, kulikubali kuwa kweli, na kumtegemea yule anayelisema. Mashetani ambao Yakobo anawataja kuwa wanaamini na kutetemeka wana hatua mbili za kwanza. Paulo anazungumzia ya tatu.

Kuhusu mabishano ya karne ya 16 kati ya Wakatoliki na Waprotestanti, Wakristo wengi wa pande zote mbili wanajua kelele kuliko hoja. Mwinjilisti wa Kilutheri anayefundisha kwamba Wakatoliki wanajinunulia mbingu kwa matendo angeshangaa kusoma kanuni ya kwanza ya amri ya Mtaguso wa Trento ya tarehe 13 Januari 1547, ambayo inamlaani yeyote anayesema kwamba mtu anaweza kupata haki mbele za Mungu kwa matendo yake mwenyewe bila neema ipatikanayo kwa Kristo. Katekista Mkatoliki anayefundisha kwamba Waprotestanti wanaruhusu dhambi mradi mtu aamini angeshangaa vilevile kusoma kifungu cha 6 cha Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, kinachosema kwamba imani haina budi kuzaa matendo mema. Walitofautiana kweli, hasa juu ya swali la kama haki hiyo ni tangazo la Mungu juu ya mtu au ni badiliko analolitia ndani ya mtu, na juu ya mastahili, lakini tofauti hiyo ilikuwa nyembamba kuliko damu iliyomwagwa kwa ajili yake. Tarehe 31 Oktoba 1999, katika mji uleule wa Augsburg, Kanisa Katoliki na Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani walitia saini Tamko la Pamoja, wakakiri kwamba mtu hupokelewa na Mungu kwa neema tu, kwa imani katika kazi ya Kristo na si kwa mastahili yoyote aliyo nayo, na kwamba Roho anayemfanya upya humwita na kumwezesha kutenda mema. Wamethodisti walijiunga na tamko hilo mwaka 2006.

Mambo hayo yote mwandishi wa makala haya aliyajua kwa vitabu akiwa mtu mzima. Sehemu ya kwanza ya elimu yake aliipata katika usharika wa kijijini, katika nchi ya migomba na kahawa, ambako mwanzoni mwa miaka ya 1970 alisoma kipaimara pamoja na vijana wengine wapatao ishirini, kila Jumamosi, chini ya mwinjilisti ambaye watu wote walimwita Mwalimu. Kitabu chao kilikuwa Katekisimo Ndogo ya Luther ya mwaka 1529, iliyokaririwa kifungu kwa kifungu, na kifungu kilichowatoa jasho zaidi kilikuwa cha tatu cha imani, ambacho maelezo yake yanamfanya muumini akiri kwamba hata huko kumwamini Kristo hakukuweza kwa akili yake wala kwa nguvu zake, bali aliitwa na Roho Mtakatifu. Aliyekosea neno moja alirudi nyuma ya foleni. Mwandishi alirudi nyuma mara nne, na haikumpitia akilini wakati huo kwamba kulikuwa na kichekesho katika kuchapa bidii namna ile ili kuthibitisha kwamba bidii haiokoi.

Bibi yake mzaa mama, ambaye ndiye aliyemlea, alikuwa mlokole. Uamsho uliowapa watu hao jina ulichomoza mwanzoni mwa miaka ya 1930 huko Gahini, nchini Rwanda, katika kituo cha misheni ya Kianglikana chenye hospitali, ukavuka mpaka kwenda Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika, ukaingia katika makanisa ya Kilutheri pia; Josiah Kibira, aliyekuwa askofu huko Bukoba tangu mwaka 1964 na aliyechaguliwa mwaka 1977, katika mkutano mkuu uliofanyika Dar es Salaam, kuwa rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, alikuwa mmoja wa watoto wake. Walokole walikutana nje ya saa za ibada, waume kwa wake, wakiitana ndugu, na kila mmoja alitarajiwa kutembea nuruni, maana yake kuyataja makosa yake kwa majina yake mbele ya wenzake, bila kuyavika nguo. Jambo la pili walilojulikana kwalo ni kurudisha. Waliookoka waliwarudishia majirani majembe, mbuzi, fedha na vyombo walivyovichukua miaka mingi nyuma, mara nyingi kwa watu ambao hawakuwa na habari kwamba waliibiwa.

Bibi huyo alirudisha sufuria. Alikuwa ameiazima kwa jirani wakati wa msiba, akaikalia kwa miaka kumi na mmoja huku akisema imepotea, na baada ya kuokoka aliibeba mchana kweupe, ikiwa imeshatoboka kitako, pamoja na nyingine mpya aliyoinunua kwa fedha za kahawa. Kwa macho ya katekisimo lilikuwa tendo jema lililofuata neema, tunda lililotoka baada ya mti kupandwa. Mjukuu aliyemsindikiza aliona jambo lingine ambalo alichelewa kulielewa: mama huyo alikwenda akiimba, na aliporudi aliimba zaidi, na hakuna siku aliyoitaja sufuria ile katika ushuhuda wake kama kitu alichomlipa Mungu. Aliitaja kama deni la jirani. Kwa Mungu alisema hana cha kurudisha.

Zakayo wa Luka 19 yuko katika mwendo huohuo. Aliahidi kuwapa maskini nusu ya mali yake na kuwarudishia mara nne aliowadhulumu, na wokovu ukatangazwa kufika nyumbani kwake siku hiyo, hata msomaji wa haraka anaweza kudhani kwamba aliununua kwa bei kubwa. Lakini kabla hajatamka hesabu yoyote, akiwa bado juu ya mkuyu, mgeni alikuwa ameshamwambia kwamba leo atashinda nyumbani kwake. Wageni wa namna hiyo hawaangalii kwanza kama nyumba imefagiliwa. Ni kweli pia, na haki inadai lisemwe, kwamba baadhi ya walokole hawakukaa muda mrefu katika furaha hiyo; walianza kupimana kwa mapambo, kwa namna ya kusuka nywele, kwa kikombe cha pombe ya ndizi, na ushuhuda ambao jana ulikuwa uhuru kesho ukawa mtihani. Bibi mwenyewe aliwahi kumnyima mkono wa salamu dada mmoja kwa sababu ya hereni, na hilo alilitubu baadaye kwa taabu kuliko sufuria.

Alifariki dunia mwaka mmoja kabla mjukuu hajapata kipaimara. Kwa miaka mingi alikuwa akilifagia kanisa kila Ijumaa jioni na kuyapanga maua ya madhabahuni, hadi macho yake yalipoingia ukungu na mibuni yake ikakosa mtu wa kuihudumia. Asubuhi ya mazishi wazee wa kanisa walifungua daftari la ahadi, yaani kitabu ambamo kila msharika aliandikiwa kiasi alichoahidi kutoa kwa mwaka na kiasi alichokitoa, wakakuta mbele ya jina lake nafasi tupu za miaka mitatu. Utaratibu wa usharika ule ulikuwa kwamba asiyetimiza ahadi hazikwi na mchungaji wala hapigiwi kengele. Jeneza lilikuwa limeshatolewa uani. Wajomba waliondoka na beberu mmoja kwenda sokoni, wakarudi karibu na saa saba, fedha zikahesabiwa juu ya benchi, mhazini akaandika stakabadhi, kengele ikapigwa, na saa tisa mchungaji akiwa katika joho lake alisimama kaburini akahubiri juu ya neema.

Mahubiri yalikuwa mazuri. Hilo ndilo lililomkaa kijana moyoni kuliko ukali wa wazee, kwa kuwa hakuna aliyeonekana kuhisi mgongano wowote kati ya benchi na kaburi. Na daftari lenyewe, alipolifikiria baadaye, halikuwa hata la matendo mema ambayo Waprotestanti wanaogopa yasije yakachukua nafasi ya imani: halikuandika kanisa lililofagiliwa, halikuandika sufuria, halikuandika maji aliyowatekea wagonjwa. Pelagio angelitupa mbali. Liliandika shilingi.

Jumamosi iliyofuata darasa lilimuuliza Mwalimu kama marehemu angehesabiwa haki bila ile stakabadhi. Alikaa kimya muda ambao vijana waliuona mrefu, kisha akawajibu kwamba Mungu ana daftari lake na wazee wana lao, na kwamba yeye mwenyewe na watoto wake wanakula kutokana na hilo la wazee. Halafu akaagiza kifungu cha tatu kikaririwe tena tangu mwanzo.

Jibu hilo lilionekana la woga mpaka mwandishi alipochaguliwa, katika miaka ya 1990, kuwa mhazini wa usharika mwingine, wa mjini. Hapo ndipo alipojua kwamba posho ya mwinjilisti, mafuta ya pikipiki ya mchungaji, mabati ya mtaa mpya na mchango wa jimbo vyote vilitoka katika bahasha za Jumapili, na kwamba hakuna mfuko mwingine. Alijua pia namna kalamu inavyomlevya anayeishika: baada ya mwaka mmoja alijikuta akiwasalimia watu kanisani kwa kadiri ya mistari yao katika daftari, wenye mistari iliyojaa kwa mikono miwili, bila kukusudia. Alipendekeza mbele ya baraza la wazee kwamba mazishi yaondolewe kabisa katika masharti ya ahadi, akakataliwa mara mbili kwa hoja kwamba watu wataacha kutoa, akakubaliwa mara ya tatu. Makusanyo hayakushuka. Wala hayakupanda, ingawa alikuwa ametumaini kwa siri kwamba yatapanda, ili aweze kuwaonyesha wenzake kwamba neema inalipa. Na alipogundua tumaini hilo ndani yake aliona kwamba hata yeye alikuwa akiitafutia neema faida ya kuandika kitabuni.

Wanaotetea utaratibu wa zamani husema kwamba unyenyekevu wa kutoa ni tunda la imani, na kwamba mti usio na tunda si kosa kuukata. Hoja hiyo haiwezi kupuuzwa, maana Yakobo angeisikiliza. Kasoro yake iko katika majira. Mgomba huzaa baada ya kustawi, na mkungu ukiwa mzito mkulima huusimikia mti nguzo usianguke. Hakuna anayesimama shambani siku mti ulipoanguka akaudai mkungu. Matendo mema ya Mkristo yana mahali pake pa haki, napo ni maishani, miongoni mwa majirani wenye sufuria zao, na kanisa lina wajibu wa kuyahimiza na hata kukemea yasipoonekana, mradi lifanye hivyo kwa walio hai. Paulo, anapowaandikia Waefeso, anaeleza hali ya mwanadamu kabla ya neema kwa neno moja lisilopunguzwa makali: wafu. Aliyekufa hana ahadi anayoweza kuitimiza.

Stakabadhi ya siku ile ingali katika sanduku la mbao la nyumba ile, chini ya kanga mbili na kitabu cha nyimbo. Mhazini aliijaza kama alivyozoea kuzijaza zote: tarehe ni ya siku ya mazishi, kiasi kimeandikwa kwa tarakimu na kwa maneno, na mbele ya maneno Imepokelewa kutoka kwa, hakuandika jina la mjomba yeyote kati ya waliomuuza beberu. Aliandika jina la marehemu.